Wazazi wa Daudi Ukimbizini: Neno kwa Wanaowatunza Wazee

Somo: 1 Samweli 22:1-4. Someni pia Ruthu 4:13-17, Marko 7:9-13 na Matendo 6:1-6.



Tunawasalimu kutoka Kibuli, hapa Kampala, ninyi mlio Nakivale, Kyaka, Rwamwanja na Kyangwali, pamoja na ninyi mnaoishi nasi katika vyumba vya kupanga hapa mjini. Mara hii tunataka kusema na watu ambao hawasimami mbele ya kanisa na majina yao hayatangazwi. Ni wale wanaomwosha mama usiku, wanaomshika baba mkono kwenda chooni, wanaomlisha bibi uji kwa kijiko kidogo. Wengine wetu tunamwita koko, wengine nyogokuru, na majirani zetu Waganda wanamwita jjajja. Jina lolote tunalomwita, mzigo ni ule ule, na baraka ni ile ile.

Habari ya Daudi tunaijua. Tunamjua aliyemwua Goliathi na aliyecheza mbele ya sanduku la Bwana. Lakini Daudi mkimbizi hatumhubiri mara nyingi. Katika sura hii Sauli anamtafuta amwue, naye amejificha katika pango la Adulamu. Ndugu zake na nyumba yote ya baba yake wanamfuata huko, kwa maana wakati wa vita mtu mmoja akitafutwa, jamaa yote haiko salama. Kisha wanakuja watu wenye dhiki na wenye madeni, hata wakafika kama mia nne. Hebu fikirini pango lenye watu mia nne. Sisi tuliolala watu kumi chini ya hema moja tunaelewa.

Sasa kati ya watu hao walikuwako wazee wawili. Maandiko yalikwisha kutuambia katika 1 Samweli 17:12 kwamba Yese, baba yake Daudi, alikuwa mzee tayari siku za Sauli. Daudi aliwatazama wazazi wake, akalitazama pango, akaona haviendani. Akaondoka akaenda Mispa ya Moabu, ng'ambo ya Bahari ya Chumvi, akamwomba mfalme wa nchi ile awapokee baba yake na mama yake mpaka yeye ajue Mungu atamtendea nini. Nao wakakaa kule siku zote Daudi alipokuwa ngomeni.

Ni aya mbili tu, lakini kwetu wakimbizi zina mafundisho mengi. Tutayatazama matano.

KWANZA: HATA ANAYEKIMBIA ANA WAZAZI

Daudi alikuwa na sababu nzuri ya kusema, "Sasa hivi siwezi." Alikuwa anawindwa, hana nyumba, hana shamba, hana mshahara. Tena alikuwa kitindamimba, mtoto wa nane. Wakubwa zake walikuwako. Hata hivyo yeye ndiye aliyewasimamia wazee.

Hapa Kibuli tunaijua dhiki hiyo kwa majina yake. Chumba ni kimoja, kodi inadaiwa kila mwezi, na choo kiko nje, chini ya mteremko, kwa pamoja na wapangaji wengine. Mtu mwenye magoti mabovu hawezi kuuteremka mlima huu wakati wa mvua. Mama anayetembeza vitenge Kabalagala na Nsambya anapaswa kuchagua: aende kuuza, mzee abaki peke yake na sigiri ina moto, au abaki nyumbani na watoto walale njaa. Serikali ya Uganda kwa fadhili inaturuhusu kuishi mjini, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kufanya kazi. Lakini anayeishi mjini anajitegemea, na mgawo wa chakula uko makazini. Na huko makazini pia mambo yamekaza. Tangu mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limewagawa wakimbizi katika makundi kulingana na hitaji, na familia nyingi zimepunguziwa au zimekatwa kabisa. Serikali inawapa wazee waliofikisha miaka 80 shilingi 25,000 kwa mwezi, lakini mpango huo ni wa raia. Mzee wetu anautegemea mkono wa mwanawe tu.

Kwa hiyo tunapohubiri amri ya kumheshimu baba na mama, tujue tunamhubiria mtu aliye pangoni. Tusiihubiri kana kwamba kila mtu ana nyumba ya vyumba vinne.

PILI: MLANGO WA MOABU ULIFUNGULIWA NA MTUNZAJI

Kwa nini Daudi alikwenda Moabu? Maandiko hayatuambii sababu. Lakini yanatuambia jambo jingine. Bibi yake Yese mzaa baba alikuwa Ruthu, na Ruthu alikuwa Mmoabi. Ruthu ndiye yule mkwe aliyekataa kumwacha Naomi, mjane mzee aliyerudi kwao mikono mitupu. Akaokota masazo mashambani ili mama mkwe ale. Alipozaa Obedi, wanawake wa Bethlehemu walimwambia Naomi kwamba mtoto huyo atamtunza katika uzee wake. Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi.

Ruthu alipokuwa akiinama kuokota shayiri, hakujua kwamba siku moja mjukuu wake atakuwa mzee mkimbizi, naye atapokewa katika nchi ile aliyotoka yeye. Ndugu zangu, kumtunza mzee si kazi inayopotea. Watoto walio katika chumba kile wanaona. Wanaona mama anavyomfuta koko mate bila kununa, nao wanajifunza jinsi mtu anavyotendewa akiwa hana nguvu. Tunawafundisha watoto wetu dini kwa njia nyingi, na hii ni mojawapo ya zile wasizozisahau.

Tuone tena kwamba mfalme wa Moabu hakuwa wa imani ya Daudi. Sisi tunaishi chini ya mlima wenye msikiti mkubwa, na anayekesha na mgonjwa anasikia adhana ya alfajiri kabla hajapata usingizi. Wako kati yetu ambao jirani Mwislamu ndiye anayewachungulia wazee wao mchana wakati wao wako sokoni, akawapa maji, akapiga simu wakianguka. Msione haya kuomba msaada kwa jirani, wala msidharau msaada huo. Daudi mpakwa mafuta wa Bwana aliomba.

TATU: KUMWEKA MZEE MAHALI PEMA SI KUMTUPA

Hapa tunagusa kidonda cha wengi. Kuna mtu amemwacha mama yake Nakivale kwa sababu kadi ya chakula iko kule, yeye akaja Kampala kutafuta riziki. Kuna mwingine amemleta baba mjini kwa sababu ya matibabu, lakini baba analia kila siku anataka kurudi makazini kwenye bustani yake ya maharage. Kila mmoja wao anajiuliza kama anatenda dhambi.

Daudi hakukaa na wazazi wake. Aliwaweka mbali naye, katika nchi nyingine, chini ya mikono ya wengine. Neno la Mungu halimlaumu. Bwana wetu pia, akiwa msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, naye akamchukua nyumbani kwake. Kumtunza mzazi si lazima iwe kwa mikono yako mwenyewe saa zote.

Lakini tofauti ya kumweka na kumtupa ipo. Daudi alikwenda mwenyewe, akaongea na mwenyeji uso kwa uso, akasema wazi anaomba nini. Basi ukimwacha mzee makazini, jiulize maswali haya. Je, yuko mtu mmoja anayejulikana kwa jina ambaye ndiye anayemwangalia? Je, mtu huyo anapata chochote kutoka kwako, hata sabuni? Je, unapiga simu na kusikia sauti ya mzee mwenyewe, au unatuma pesa za simu tu na kunyamaza? Je, mzee aliulizwa anataka kukaa wapi? Barzilai alikuwa na miaka 80 Daudi alipomwalika Yerusalemu, akakataa kwa adabu, akataka afie mjini kwake karibu na kaburi la wazazi wake (2 Samweli 19). Daudi alimbusu, akambariki, akamwacha arudi. Mzee si mzigo wa kuhamishwa kama gunia. Ana neno lake.

Na sisi hatuna hata kaburi la wazazi la kurudi karibu nalo. Ndiyo maana wazee wetu wanauliza sana watazikwa wapi. Yakobo naye aliuliza. Yusufu alimleta Misri katika magari ya kubebea wazee na watoto, akamlisha huko miaka 17, na mzee alipokaribia kufa alimwapisha mwanawe asimzike ugenini. Maswali hayo msiyakimbie. Huenda hatuwezi kuahidi kuuvusha mwili mpaka Kivu. Tunaweza kuahidi kwamba hatazikwa bila jina, na kwamba wajukuu watajua kijiji chake, mto wake na majina ya baba zake. Ahadi ndogo inayotimizwa humpa mzee usingizi.

NNE: MZEE ANAYESAHAU SI MCHAWI

Jambo hili tunalisema bila kuzunguka. Yuko mzee anayeamka usiku wa manane akafunga nguo zake kwenye kitenge, akidai anakwenda Masisi kukamua ng'ombe. Yuko anayemwita mwanawe jina la ndugu aliyeuawa zamani. Yuko anayesema mkwe amemwibia, au anayetoka uchi bila kujua. Katika jamii zetu watu huanza kunong'ona, na wakati mwingine anatokea mtu anayejiita nabii na kusema bibi huyu ndiye anayeifunga familia isipate safari.

Wapendwa, huo ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi na ugonjwa wa kusahau wa namna hiyo, katika nchi tajiri na maskini. Hauletwi na pepo wala si kisasi cha mababu. Kumpiga mzee wa namna hiyo, kumfunga kamba, kumnyima chakula ili "afunguliwe", au kumfukuza, ni dhambi mbele za Mungu na ni kosa mbele ya sheria. Isaka macho yake yalipofifia hakumtambua mwanawe, na hakuna aliyemwita mchawi.

Mzee akidai kwenda nyumbani, usibishane naye usiku kucha kwamba nyumbani kumechomwa. Mwulize habari za huko: ng'ombe walikuwa wangapi, nani alikamua. Mara nyingi moyo wake utatulia. Ficha viberiti na dawa, funga mlango vizuri, wajulishe majirani na mwenyekiti wa LC ili akipotea wamrudishe. Lakini kama mzee aliyekuwa na akili timamu amechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mpelekeni kituo cha afya upesi. Inaweza kuwa malaria, maambukizo ya mkojo, sukari, au kiharusi, na mengi ya hayo yanatibika. Vituo vya serikali, kama kile cha Kisugu jirani yetu, havidai ada ya matibabu, na mkimbizi anapokewa humo, hata kama mara nyingine tunaambiwa dawa tukanunue nje.

Kwa wanaouguza mtu asiyeinuka, haya machache yanasaidia. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili hivi, ili asipate vidonda vya kulala. Tazameni visigino, nyonga na mgongo kila siku. Mlisheni akiwa ameketi wima, vijiko vidogo, na asilazwe mara baada ya kula. Dawa ya presha isiachwe kwa sababu anajisikia vizuri, kwa maana anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Na mwoshaji awe mtu ambaye mzee anamwonea haya kidogo. Heshima ya mzee ni sehemu ya afya yake.

TANO: MTUNZAJI NAYE NI MTU

Katika familia nyingi kuna watoto sita, lakini anayelala karibu na mzee ni mmoja. Mara nyingi ni binti aliyeachika, au mkwe, au msichana wa miaka 15 aliyetolewa shule. Wengine wako Nairobi, wako Marekani, wako Australia. Wanapiga simu na kuuliza, "Kwa nini mama amekonda?" Neno hilo linamchoma aliyekesha.

Andiko la 1 Timotheo 5:8, kuhusu asiyewatunza walio wake, tumelisikia likisomwa kwa ukali. Tunaomba lisomwe kwa mtu anayepaswa kulisikia. Msimsomee binti aliyechoka. Msomeeni kaka asiyepiga simu. Paulo katika sura hiyo anasema watoto na wajukuu wajifunze kuwalipa wazazi, naye anasema kwa wingi. Hakusema mmoja wao alipe kwa niaba ya wote.

Kwa hiyo kaeni kikao cha familia, hata kama ni kwa simu. Mzee awepo, asemwe naye, si kusemwa tu. Andikeni: kodi nani, dawa nani, sabuni na pampasi za wakubwa nani, Jumamosi nani anakuja ili mtunzaji alale. Asiye na pesa atoe siku yake. Na yule msichana arudi shule. Mzee mwenye hekima mwenyewe hapendi uzee wake uwe mwisho wa masomo ya mjukuu.

Nawe mtunzaji, kama umefika mahali unaona hasira, unamsukuma mzee kwa nguvu, au unaomba kimya kimya afe, usijifiche. Eliya alichoka hata akaomba kufa. Malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena. Hayo ndiyo unayohitaji kwanza: chakula, usingizi, na mtu wa kukupokea zamu. Mwambie mchungaji, mwambie mama mmoja wa kanisa, kabla mkono haujainuka.

Lipo na jambo la safari. Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, wengi waliokuwa wameuza vyombo vyao wamebaki wakisubiri. Tumesikia maneno makali vyumbani: "Faili letu limekwama kwa sababu ya mzee huyu mgonjwa." Msimwambie mzee neno hilo. Daudi alisema anangoja ajue Mungu atamtendea nini, lakini katika kungoja kwake hakuwatupia wazazi lawama. Mzee asiwe gharama ya matumaini yetu.

KANISA LIFANYE NINI?

Kanisa la kwanza lilipata malalamiko kwamba wajane waliosema Kiyunani walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Ni wajane wageni, wa lugha nyingine, kama mama zetu. Mitume hawakusema "tutawaombea" tu. Waliwaambia wanafunzi wachague watu saba wenye sifa njema, wakawapa kazi hiyo kwa majina yao.

Nasi tunaomba kila kikundi cha maombi, Kibuli na makazini, kiandike orodha ya wazee wake na ya wanaowatunza. Kisha wapangwe watu wawili wawili, nusu siku kwa juma, wakae na mzee ili mtunzaji aende sokoni, kliniki au alale. Musa mikono yake ilipokuwa mizito, Haruni na Huri hawakumhubiria habari ya uvumilivu. Walimletea jiwe akalie, wakamshika mikono mpaka jua likachwa. Vijana wanaweza kuchota jerikani mbili. Mwenye boda boda anaweza kumpeleka mzee kliniki mara moja kwa mwezi kama sadaka yake.

Na juu ya sadaka, sikieni neno hili kutoka kwa sisi tunaoipokea. Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, kitu cha Mungu, na kwa neno hilo wakawanyima wazazi. Kama pesa uliyo nayo ni moja, na mama hana dawa ya presha, nunua dawa. Usije na bahasha huku mama anaugua. Kama ni usiku wa kesha na huna wa kumwacha naye, baki nyumbani. Aliyebaki chumbani Jumapili asubuhi akimgeuza baba yake hakukosa ibada, na mzee wa kanisa asimwulize kwa nini hakuonekana. Amwulize ni lini tuje kumpokea zamu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika familia yetu, nani anabeba mzigo wa mzee, na nani hajaulizwa kusaidia?
2. Mzee wetu mwenyewe anataka nini ambacho hatujamwuliza?
3. Jirani gani anatusaidia, na tumemshukuru namna gani?

TUOMBE

Ee Mungu wa Ibrahimu aliyekuita mgeni na msafiri, uwakumbuke wazee wetu waliozeeka njiani. Uwape siku za amani na watu wa kuwashika mkono. Uwatie nguvu wanaowatunza, uwape usingizi, na msaidizi kabla ya kukata tamaa. Uwagute moyo walio mbali wasinyamaze. Ubariki nchi iliyotupokea na majirani wanaofungua mlango. Nasi tukizeeka, tuone mikono ile ile ikitujia. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Tunawatakia neema na amani, ninyi na wazee wenu.

Ndugu zenu katika Kristo, Kibuli